Sufuria Iliyoita Kikula Kazini

Leo nimekwisha. Si kidogo. Kabisa.

Faustin, funga mlango kwanza. Na wewe Mukalayi, toa huo mkono mdomoni. Sijaanza hata kusema na mabega yako yanatetemeka tayari. Nimekuja kwenu kwa sababu tulipanda kreni pamoja miaka yote ile, na kwa sababu nyumba hii ndiyo iliyo karibu kwa mtu anayekimbia bila suruali. (Hii niliyovaa ni ya Faustin. Ndiyo, inanibana. Ndiyo, nitairudisha.)

Nimimineni kikombe cha munkoyo, nianze mwanzo.

Mnajua hali yangu. Tangu kiwanda kinyamaze, nyuma ya nyumba yangu hakuna pa kukanyaga. Mapipa, mabomba, springi za lori, pampu zilizokufa, vipande vya reli. Mke wangu, Mama Odile, hana hata pa kuanika nguo. Yeye anaita ile ni takataka. Mimi naita atelier, karakana yangu.

Na nitawaambia ukweli, mpaka leo asubuhi atelier ilikuwa haijamfurahisha mtu. Toroli nililomtengenezea jirani linakata kushoto tu. Akitaka kwenda kulia inabidi azunguke nyumba tatu za watu na kuwasalimia wote. Kiti nilichopeleka parokiani kilimng'ata katekista suruali mbele ya kwaya nzima. Mbabula, sawa, majiko yangu ya makaa yanawaka vizuri. Lakini katika mtaa huu wa Kikula nani hatengenezi mbabula? Mtu hawezi kujipiga kifua kwa mbabula.

Sasa, upande wa pili kuna Kasongo, bwifi yangu, kaka yake mke wangu. Kasongo anachimba Shinkolobwe. Mgodi umefungwa, kila mtu anajua umefungwa, na kila mtu anajua wanaingia. Kila akija kwangu anakaa juu ya pampu yangu moja, ananyoosha miguu, anasema:

"Baba Odile, acha kuchezea feraye, hivi vyuma ya kutupa. Kuya na minye kwenye tundu. Kule njo kuko maisha."

Tundu! Mimi! Mnanijua nyinyi. Nimefanya kazi maisha yangu yote juu, kule kwenye kreni, karibu na paa, ndege wakinipitia masikioni. Mimi ni mtu wa juu! Nikichungulia kisima tu nashika mti kwa mikono miwili. Na juzijuzi udongo umewafunika vijana kulekule, na Kasongo mwenyewe ndiye aliyesaidia kuwachimbua. Siku ile alikuja nyumbani hakula, alikaa tu akitazama mikono yake. Kesho yake akarudi shimoni. Mimi naogopa, bandugu. Nasema wazi bila haya, naogopa.

Halafu akafika mama mkwe kutoka Mwadingusha. Hakuja kutembea yule. Alikuja kukata shauri. Jana mke wangu alikuwa anachambua maharage, akaniambia bila kuinua macho:

"Mama anasema bwana ya mutoto yake hawezi kushinda anapiga manjanja, hizi bati, wakati bana beko na njaa. Kasongo anarudi Shinkolobwe kesho. Kama hauna kintu ya kuonyesha, unaenda naye."

"Na weye? Weye unasema nini?"

Akatupa jiwe moja lililokuwa katikati ya maharage.

"Minye nasema, onyesha kintu."

Onyesha kintu! Bandugu, moyo uliniruka. Kwa maana kitu nilikuwa nacho! Kilikuwa kimekaa nyuma ya mapipa, kimefunikwa gunia, kimebakiza kiungo kimoja tu.

Sufuria.

Ngojeni niwaeleze hiyo sufuria, maana hata baada ya aibu yote hii bado naipenda. Maharage yetu mnayajua. Yanakula makaa asubuhi nzima, na yakifika kwenye sahani bado yanagonga meno. Mimi nikasema hapana, hiyo ni kwa sababu mvuke unatoroka. Ukimfungia mvuke ndani, maharage yataenda wapi? Yatakubali tu! Nikachukua chupa ya oksijeni iliyokwisha, ile ya chuma nene, nikaikata kwa msumeno mpaka bega likaniuma. Nikatumia kitako chake. Kifuniko ni kile chuma cha duara cha pampu, chenye matundu ya bolti kuzunguka pande zote. Katikati ya chuma na chuma nikaweka lastiki ya tairi la lori ili isipumue. Bolti sita, unakaza na ufunguo. Ukiigonga inalia ngo! kama kitu cha Ulaya. Nilikuwa naamka asubuhi naenda kuitazama kabla sijanawa uso.

Kilichobaki ni supape. Nyinyi wa kreni mnajua: ule mlango mdogo juu ya boila, mvuke ukizidi unafunguka wenyewe, pssss, hatari imekwisha. Bila supape, hiyo si sufuria, ni bomu. Hilo nilijua. (Naomba mlikumbuke hili. Nilijua.)

Nikaenda jana hiyohiyo soko la Kikula, kwa yule mzee anayetandaza vyuma chini karibu na wauza dagaa. Nikapekua. Na hapo nikakiona! Kitu cha shaba ya njano, kizito, chenye kofia kichwani na mkono mdogo pembeni. Kilikuwa kinang'aa chini ya uchafu, na uzi wa chini, ule wa kukazia, ulikuwa sawasawa na tundu la kifuniko changu. Nusura nikibusu.

"Mzee, hii ni kintu gani?"

Mzee akanitazama kutoka juu hadi chini.

"Weye unataka ikuwe nini?"

"Supape."

"Basi, njo supape."

"Na huu mukono ya pembeni?"

"Ya kupendezesha."

(Hapo ndipo mtu mwenye akili angeuliza tena. Mimi nilikuwa nimeshakumbatia kitu changu na kuondoka.)

Basi, leo. Asubuhi nimeamka na furaha mpaka mke wangu akanishika paji la uso kuona kama nina homa. Nimevaa salopeti yangu ya kazini, ovaroli ile ya buluu. Mshipi mmoja wa bega ulikatika zamani; ule mwingine niliubadilisha kwa waya wa shaba, nikausokota mara mbili, maana mimi nikitengeneza kitu natengeneza. Chini ya salopeti, kaptula ya ndani, aliyonishonea mke wangu kwa mfuko wa unga. Hilo lilikuwa siri yangu na yake. Lilikuwa.

Sasa shida ilikuwa moja: heshima. Mama mkwe lazima aione kazi, lakini mimi na mama mkwe hatuwezi kukaa pamoja. Nyinyi mnajua mila yetu. Tangu nioe sijamtazama usoni, sijala mbele yake, sijamwita jina. Tukikutana njiani mmoja anaingia majanini. Kwa hiyo nikasimamisha bati kubwa mbili kati ya atelier na barza, nikazifunga kwa kamba. Yeye akakaa kwenye barza upande ule, na kitenge chake kipya. Mimi upande huu na moto wangu. Na mke wangu akasimama kwenye ncha ya bati, akipeleka maneno na kurudisha.

"Mwambie mama," nikasema kwa sauti ya profesa, "maharage ilikuwa kavu, haikulowekwa, na makaa ni ya mbabula moja tu."

Mke wangu akageuka. "Mama, anasema atajaribu."

"Mwambie ndani iko presha kubwa sana, lakini asiogope, nimeweka supape."

"Mama, anasema usogeze kiti nyuma kidogo."

Kutoka ng'ambo ya bati nikasikia sauti nzito: "Muulize, hii nyungu, juu ya nini ameifunga bolti? Maharage itakimbia?"

Kasongo naye alikuwa amekaa juu ya pampu yake ya kila siku, mfuko wa safari uko miguuni. Mfuko wangu pia. Alikuwa ameshanifungia! Blanketi, tochi, sururu fupi ya kuchimbia, vyote tayari.

"Tutaangalia," akasema Kasongo, akitafuna muwa.

Nikawasha. Nikapepea. Sufuria ikakaa kimya. Halafu ikaanza kuongea chini chini, ngurumo ndogo ya tumboni. Mimi nikawa nazunguka nikisugua mikono. Inafanya kazi! Naisikia! Nikaweka kiganja hewani juu ya kifuniko, hakuna mvuke hata kidogo unaotoka. Lastiki imeshika! Nikamwambia mke wangu aweke sikio, akakataa, akasema sikio lake ana kazi nalo.

Ngurumo ikaongezeka. Sufuria ikaanza kutetemeka juu ya mbabula. Bolti zikawa zinalia tik, tik, tik.

"Baba Odile," mke wangu akasema, "ile supape, juu ya nini haipumui?"

"Inangoja wakati yake."

"Wakati yake ni saa ngapi?"

"Weye, ngoja!"

Lakini ndani ya moyo, kijasho. Kwa sababu kweli, ilitakiwa iwe imeshapumua. Kasongo aliacha kutafuna muwa. Aliinuka, akachukua mfuko wake (wake, si wangu) akaenda kusimama nyuma ya mti wa papai. Na mimi, kwa kuwa mimi ndimi mwenye kitu na mama mkwe anasikiliza, nikachukua ufunguo wa bolti nikasogea karibu niigonge ile supape kidogo, tik, iamke.

Nikainama. Nikagonga. Haikuamka.

Nikainuka.

Bandugu, nilipoinuka, ule waya wa shaba begani ulikuwa umenasa kwenye mkono wa pembeni. Ule wa kupendezesha.

VUUUUUUUUUUUUU!

Acheni. Acheni kwanza. Faustin, naona sasa umeelewa, acha hayo macho, nitafika kwako.

Ile sauti! Si sauti ya sufuria ile. Ile ni sauti tuliyoijua sote, ya chini, pana, inayoingia kwenye mifupa. Sireni ya kazi! Ileile iliyotuamsha, iliyotutoa mezani, iliyotulaza, miaka yote, mpaka siku iliponyamaza na tukaona hata jogoo hawajui tena saa. Na mimi, pamoja na kwamba nimesimama pale, pamoja na kwamba imenililia sikioni, mnajua wazo la kwanza lililonijia?

Nimechelewa zamu!

Naapa. Sikukimbia kwa woga. Miguu ilianza yenyewe kwenda kazini! Nikatimua kuelekea barabara ya kiwanda. Lakini waya wa shaba haukukatika (nilisokota mara mbili, si nimewaambia), na kadiri nilivyovuta ndivyo kile kitu kilivyozidi kulia. Vuta, VUUUU. Vuta tena, VUUUUUU! Mwisho salopeti ikasema basi, ikabaki kwenye sufuria, na mimi nikatoka ndani yake kama ndizi inavyotoka kwenye ganda. Nikaenda mzimamzima kwenye zile bati. Bati zikaanguka. Nikaanguka juu ya bati. Zikateleza na mimi, kwaraaa, mpaka kwenye barza, zikasimama.

Nikafumbua macho. Nilikuwa nimelala chali.

Juu yangu, mama mkwe. Macho kwa macho.

Miaka yote sijawahi kumwona usoni. Leo nimejua ana mwanya.

"Yeee!" mama mkwe akajifunika kitenge chote kichwani. "Yeee, mukwe! Mukwe uchi!"

"Si uchi, mama, eko na kaptula!" mke wangu akapiga kelele. (Ahsante, Mama Odile. Hiyo ilisaidia sana.)

Na sireni bado inalia! Salopeti imening'inia kwenye ule mkono, uzito wake wote unauvuta, mvuke unatoka na povu la maharage linaruka mpaka kwenye miti. Mimi nikitafuta kitu cha kujifunika, nikashika bati, ilikuwa na moto wa jua, nikaiachia. Hapo ndipo nikasikia mlio mwingine nyuma ya sireni. Milango. Kikula nzima inafungua milango.

Halafu sauti ya mwanamke mmoja, kutoka huko chini kwa wauza makaa: "Kazi imerudiiia!"

Mungu wangu.

Vigelegele vikapokelewa nyumba kwa nyumba. Na viatu. Mnajua sauti ya viatu vya kazi vingi pamoja? Vile vizito vyenye chuma mbele? Sijaisikia tangu lini. Walikuja wakikimbia kutoka kila uchochoro, bandugu, wanaume wazima, kila mmoja na vazi lake la buluu na gamelle ya chakula mkononi, wakifunga vifungo huku wanakimbia. Mmoja alikuwa amenyolewa upande mmoja tu, upande wa pili povu. Mwingine alipovaa kofia yake ya kazi unga ulimwagika usoni wote, kwa sababu kwao siku hizi ndiyo wanayopimia unga. Hakujifuta. Alikuwa anacheka na ule unga usoni. Wake zao nyuma yao wanawasukuma, "Kwenda! Kwenda, utachelewa!"

Wakafuata sauti. Sauti ikawaleta kwangu.

Wakaingia uwanjani wakasimama. Na sireni, kwa sababu haina adabu, ikachagua dakika hiyohiyo kuishiwa mvuke. Vuuuuu... vuuu... fyu.

Kimya.

Mimi niko miguuni pa mama mkwe, nimejikunja, nimewapa mgongo. Mgongo na kilichoko chini ya mgongo. Na nyuma kabisa ya umati nikasikia mtu anasoma kwa sauti, polepole, kama mtoto wa shule:

"Farine... de maïs. Poids net... kilo makumi tano."

Mke wangu alikuwa ameufua ule mfuko wa unga wa mahindi mara ngapi, na bado maandishi yake ya Kifaransa hayakutoka! Yako palepale, nilipokalia, herufi kubwa za buluu!

Nilitaka ardhi ipasuke. Hata tundu la Kasongo leo ningeingia.

Akajitokeza mbele Papa Sylvestre. Mnamkumbuka, yule aliyekuwa analisha boila, mzee wa masharubu. Kofia kichwani, gamelle kwapani.

"Ni nani amepiga?" akauliza. Hakuwa anacheka. Hakuna aliyekuwa anacheka bado, na hilo ndilo lililonichoma.

Nikanyoosha kidole. "Ni nyungu."

"Nyungu gani?"

"Ya maharage, papa."

"Maharage."

"Ndiyo, papa."

Waliitazama sufuria. Waliitazama salopeti iliyoning'inia. Yule wa unga akaivua kofia yake taratibu akaitazama ndani. Mke wa mmoja akaketi chini pale aliposimama. Nikaona aibu ambayo si ya kaptula. Ningeweza kulia.

Papa Sylvestre akaenda kwenye sufuria, akainama, akaifuta ile shaba kwa kidole chake.

"Nani amekuambia hii ni supape?"

"Muuzaji."

"Hii ni filimbi! Filimbi ya mvuke, ya zamani, ya kwetu kwenye boila. Minye nilikuwa naivuta na mukono hii!" Akaushika ule mkono wa pembeni kama anayemsalimia rafiki. Halafu akageuka kunitazama, na uso wake ukabadilika. "Baba Odile, haukuweka supape hata moja? Kama hii haingelia, leo tungekuwa tunakuokota kwa kijiko!"

Nilimwona mke wangu akishika kinywa. Kasongo nyuma ya mpapai alifanya ishara ya msalaba.

Halafu Papa Sylvestre akaketi juu ya kofia yake, akavua kiatu kimoja, akakitazama.

"Na minye," akasema, "minye nilivaa hata soksi."

Hapo ndipo kicheko kilipopasuka. Alianza yeye mwenyewe, masharubu yakiruka, na wote wakafuata. Walicheka! Walicheka wakaegemeana, wakapiga gamelle kwa mikono, wakafuta machozi, na machozi mengine sijui kama yalikuwa ya kicheko. Yule wa unga alinionyesha kidole hakuweza kusema neno. Mimi nimekaa katikati, kilo makumi tano, nacheka na kulia vilevile.

Mke wangu ndiye aliyekuwa na akili. Katikati ya kelele zile alichukua ufunguo, akalegeza bolti moja moja, akainua kifuniko. Harufu ikatoka, harufu ya maharage yenye kitunguu. Kelele zikapungua. Akachovya kijiko, akapuliza, akaweka mdomoni.

Akanitazama mimi.

"Imeiva," akasema.

"Imeiva?"

"Imeiva kama siagi! Na makaa hata nusu haijakwisha! Baba Odile, imeiva!"

Nikarukaruka! Nilisahau kaptula, nilisahau kila kitu! Ilifanya kazi, bandugu! Maharage yaleyale ya asubuhi nzima! Na wale wanaume walikuwa wamesimama pale na gamelle tupu mkononi, mnaelewa? Kila mmoja alikuwa ameshika gamelle akakimbia bila kuweka kitu ndani. Basi wakapanga mstari. Mke wangu akawagawia, kijiko kwa kijiko, na walikula wamesimama, na vazi la kazi, bila kusema sana. Mmoja alisema tu, "Inapita yenyewe, haitaki meno."

Ilibaki mama mkwe. Alikuwa bado chini ya kitenge. Mkono mmoja ukatoka, ukapokea kijiko, ukarudi ndani. Tukasubiri. Kitenge kikatafuna. Mimi nilikuwa nimejifunika gunia sasa, nimempa mgongo kwa heshima, na moyo unanipiga kuliko ile sufuria. Macho yangu yalikuwa kwenye ule mfuko niliofungiwa, na ile sururu.

Mama mkwe akasema kutoka chini ya kitenge, kwa mke wangu, lakini kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Mwambie bwana yako. Mukwe akionyesha mama mukwe uchi wake, analipa kuku. Njo mila."

"Atalipa, mama."

"Sijamaliza. Uchi ya leo, mbele ya bantu bote hawa, na maandishi, kuku haitoshi. Nataka nyungu kama hii. Na dada yangu kule Mwadingusha aliyenipa nauli, yake pia. Na supape ya kweli!" Akavuta pumzi. "Na nyungu haitengenezwi ndani ya tundu. Kasongo, fungua huo mufuko, toa blanketi ya watu."

Bandugu! Nililia. Nasema wazi. Nililia ndani ya gunia.

Kasongo alitoa blanketi. Halafu akaja akachuchumaa karibu yangu, akasema chini chini, wengine wasisikie: "Bwifi, ukihitaji muntu ya kukata chupa, minye niko na mukono nguvu." Hakurudi Shinkolobwe leo. Nimemwacha anashika msumeno.

Na wale wa gamelle, kabla hawajaondoka, kila mke alikuwa ananing'inia begani kwangu akitaka nyungu yake. Nikaona vicheko vinaanza upya, na watoto wa jirani wameshatunga wimbo wa kilo makumi tano, nikachukua gunia langu nikakimbilia hapa.

Ndiyo hayo. Sasa mmejua, na ninawaomba kitu kimoja: msicheke. Mukalayi, tafadhali. Na wewe Faustin, wewe ndiyo kabisa unyamaze, kwa sababu nimepita njiani na nimeambiwa. Sauti wewe hukuifuata mpaka kwangu. Wewe ulikwenda moja kwa moja kiwandani, ukafika mlangoni, ukavua kofia, ukamsalimia mlinzi, ukamuuliza kreni yako iko na nani.

Usiiname, ndugu. Mimi pia nilikuwa nakuja.

Sikiliza. Papa Sylvestre anatafuta supape, na ile filimbi nimekataa kuitoa. Kesho asubuhi saa kumi na mbili nitaivuta tena, kwa makusudi, na suruali yangu mwenyewe. Ukiisikia, njoo kwangu. Safari hii kazi iko.